Sala ya Aliyepasuliwa Goti, na Kosa la Mwenye Kutoa Fatwa

 

Ndugu zangu Waislamu, mnamo mwaka 2022, katika darsa ya baina ya Magharibi na Isha hapa Bondeni, Nakuru, nilisema maneno juu ya viti msikitini. Viti vilikuwa vimezidi. Kila mwenye kuumwa na kiuno siku moja alijivutia kiti, na siku ya pili kiuno kikapona na kiti kikabaki. Nikapandwa na hamasa, nikasema kwamba mwenye kuweza kwenda sokoni kwa miguu yake hana udhuru wa kumwabudu Mola wake akiwa ameketi, na kwamba paji la uso lisilogusa ardhi ni paji lililonyimwa kheri. Watu waliitikia, na baadhi yao waliyanasa maneno yale katika simu zao wakayapeleka walikoyapeleka. Miongoni mwa waliopelekewa alikuwa mama yangu mzazi, naye wakati ule akikaa Mombasa, Mji wa Kale. Aliyasikiliza, akayapenda, akayaweka. Mwana wake amesema.

Leo nataka kueleza yaliyotokana na maneno yale, na kuirekebisha mas'ala yenyewe mbele ya wale wale walioisikia, kwa kuwa kosa lililosemwa juu ya mimbari halitengenezwi kwa kunong'ona chumbani.

Mama yangu ana miaka sabini na moja. Kwa muda wa miaka minane goti lake la kulia lilikuwa likimsumbua. Sisi watu wa pwani kila maumivu ya viungo huyaita baridi, tukayapaka mafuta ya karafuu, tukayafunga kitambaa, tukangoja. Lakini maradhi yale hayakuwa baridi hata kidogo. Baina ya mfupa wa paja na mfupa wa muundi Mwenyezi Mungu ameweka gegedu laini linaloteleza, ili mfupa usikutane na mfupa. Likilika gegedu hilo, mfupa husagana na mfupa, na hapo hapana mafuta yatakayofika. Picha ya goti lake ilipopigwa, daktari alinionyesha mwenyewe: pale palipotakiwa pawe na nafasi hapakuwa na nafasi.

Basi akaletwa kwangu huku bara, na mwanzo wa Muharram wa mwaka 1447, yaani mwishoni mwa mwezi wa Juni 2025, akapasuliwa. Upasuaji huu leo si mgeni katika Kenya. Hufanywa Nairobi, na Kikuyu, na Kijabe, na Mombasa. Hospitali tuliyokwenda sina haja ya kuitaja. Tabibu hukwangua ncha za mifupa miwili iliyoharibika, akaivika kofia ya madini, na baina yake akatia kipande cha plastiki ngumu iwe badala ya gegedu. Mjerumani mmoja, Themistocles Gluck, alijaribu jambo hili Berlin mwaka 1890 kwa goti la pembe ya ndovu, wala halikudumu. Goti la namna ya tulilo nalo leo lilitengenezwa New York na John Insall na wenzake mwaka 1974. Na msidhani kwamba ilimu ya kupasua ni ya Wazungu peke yao. Abul-Qasim Az-Zahrawi wa Andalusi, aliyekufa kiasi cha mwaka 1013, aliandika kitabu cha juzuu thelathini, na juzuu ya mwisho aliifanya ya upasuaji, akachora ndani yake picha za vyombo kiasi cha mia mbili. Wenzetu walikifasiri, wakakisoma karne kadhaa. Sisi tulikuwa tukibishana juu ya hirizi.

Mama alirudi nyumbani kwangu siku ya tano, na hapa ndipo palipoanza makosa yangu, kwa maana kabla ya kosa la fatwa palikuwa na kosa la huruma.

Mwezi wa Julai Nakuru ni baridi. Mji huu uko juu kiasi cha mita 1,850 kutoka usawa wa bahari, na alfajiri upepo unaposhuka kutoka Menengai mtu wa Mombasa huona kama anaadhibiwa. Goti la mama lilikuwa limevimba likawa kama boga, na wekundu na weusi wa damu umeshuka mpaka kwenye kifundo cha mguu. Nilishtuka, ingawa nimekuja kujua kwamba hali hiyo ni ya kawaida na uvimbe huweza kukaa wiki nyingi. Nikaona njia ya kumtendea wema ni kumtilia mto laini chini ya goti lile, likae limepinda kidogo, apumzike. Akaniombea dua. Nikakataza asiamshwe kutembea. Wake wa majirani waliokuja kumzuru wakanisifu kwa kumtazama mama. Na mimi, Mungu anisamehe, sifa zile ziliniingia.

Siku ya saba akaja binti mmoja wa hospitali, tabibu wa viungo, Mkristo, mwenye umri wa mwanangu mkubwa. Alimwamkia mama, akimwita "shosho" kama wasemavyo watu wa huku, akafunua shuka, akautazama ule mto, akauliza: "Nani ameweka hii?" Nikasema ni mimi. Akautoa bila ya neno, akaubiringisha taulo akaliweka chini ya kisigino, na goti likabaki hewani halina cha kuegemea. Mama akapiga kelele. Goti halikunyoka, lilikuwa tayari limeanza kushika ule mpindo niliouzoeza mimi kwa mto wangu.

Akanieleza, na mimi nawaeleza ninyi, kwa sababu katika kila mtaa wa Waislamu pana mzee wa namna hii na mwana wa namna yangu. Goti lililopasuliwa lina wiki chache tu za kufundishika. Katika wiki hizo linatakiwa linyoke kabisa, liwe sawa na kitanda, na likunjwe mpaka pembe mraba, digrii tisini, zikitimia kiasi cha wiki mbili. Likiachwa, makovu ya ndani hukaza kama kamba iliyokauka juani, na baadaye huenda likahitaji kulazwa tena na kukunjwa kwa nguvu. Mto chini ya goti ni adui katika sura ya rafiki. Mgonjwa huinuliwa siku ile ile ya kupasuliwa au ya pili yake, akashika mkongojo wa miguu minne, akatembea hatua chache, na kila siku akazidisha. Akilala, aupige unyayo mbele na nyuma, mara nyingi, ili damu ya mguu isisimame. Alisukume goti chini juu ya godoro, akalishikilia kwa hesabu ya tano. Akivute kisigino kuelekea matakoni polepole. Akiketi kitini, auache muundi uning'inie na kurudi. Kisha apumzike, mguu ukiwa juu, na barafu iliyofungwa katika kitambaa iwekwe juu ya goti kiasi cha robo saa au dakika ishirini.

Mama akasema: "Mwanangu, mwambie huyu binti Mungu ndiye Mwenye kuponya."

Sikuwa na la kujibu wakati ule. Jawabu lilinijia usiku, nikisoma Sura ya Swad. Nabii Ayub, amani iwe juu yake, alikuwa mgonjwa wa miaka, na Mola wake alipotaka kumwondolea maradhi hakushindwa kumponya kitandani alipo. Bali alimwamrisha aupige ardhi mguu wake, na maji ya kuogea na ya kunywa yakatoka hapo. Tazameni: mguu wa mgonjwa! Na Bibi Maryam, katika uchungu wa kuzaa, aliambiwa autikise mtende ndipo tende zimwangukie. Na ni nani kati yetu, hata akiwa kijana mwenye afya, awezaye kutikisa shina la mtende? Lakini aliamrishwa aweke mkono. Mama nilimsomea Aya zile baada ya sala ya Alfajiri, nikamfasiria. Alinyamaza kitambo, kisha akaanza kukivuta kisigino. Alilia akikivuta, na mimi nilitoka nje uani nisimwone.

Ama dawa za kutuliza maumivu, alizikataa kwanza. Alikuwa amesikia kisa cha Urwa bin Zubeir, yule taabiini mkubwa, aliyekatwa mguu katika safari yake ya Sham alipokwenda kwa Khalifa Al-Walid, akakataa kunyweshwa kitu cha kumwondolea akili. Kisa ni mashuhuri, na Urwa ni Urwa. Lakini yeye alikataa kulewa, hakukataa tiba; mguu wenyewe aliutoa ukatwe. Na Mtume, rehema na amani zimfikie, alipoulizwa na mabedui kama wajitibu, aliwaambia wajitibu, kwa kuwa kila ugonjwa umeteremshiwa dawa isipokuwa uzee, kama ilivyopokewa kwa Usama bin Sharik. Dawa ya maumivu imezwayo kiasi cha nusu saa kabla ya mazoezi humwezesha mgonjwa kulikunja goti. Asiyeimeza halikunji, na asiyelikunja atapata maumivu ya miaka badala ya maumivu ya wiki. Thawabu ya subira haipungui kwa kidonge. Nyingine katika dawa hizo hufunga choo, basi mgonjwa anywe maji mengi na ale mapapai, wala asione haya kusema.

Sasa nije kwenye lile lililonifanya niandike.

Katika siku hizo mama alikuwa akisali kwa ishara kitandani, nami nilidhani ameridhika. Kumbe moyoni hakuridhika. Usiku wa kuamkia siku ya tisa, kabla ya adhana, aliamka peke yake. Mkongojo ulikuwa karibu. Akaenda mpaka kwenye msala uliotandikwa chini, akaelekea kibla, na huku kwetu Nakuru kibla ni kaskazini ikielemea mashariki kidogo, upande wa Menengai. Akasali rakaa kwa kusimama. Alipofika kwenye sijida akajaribu kushuka. Goti lililopasuliwa kwa siku tisa halishuki. Alianguka kwa ubavu, na tulipoingia tulimkuta amelala juu ya msala, bandeji imelowa damu kwenye pembe moja ya jeraha, na bado akitia nia ya kuifikisha paji yake kwenye mkeka.

Nikamwambia: "Mama, kwa nini?"

Akasema: "Si wewe uliyesema paji lisilogusa ardhi limenyimwa kheri?"

Ewe msomaji, nimesoma kwa masheikh tangu nikiwa na miaka saba, nimesomeshwa Safina na Minhaji, na katika maisha yangu sijapata kusomeshwa darsa nzito kama ile ya maneno yangu mwenyewe yakirudi kwa ulimi wa mama yangu aliyelala chini.

Tulimrudisha hospitali asubuhi ile ile. Mwenyezi Mungu alitusitiri: picha ilionyesha madini yamekaa mahali pake, na jeraha likashonwa nyuzi mbili. Lakini nilipokuwa nimekaa pale bandani nikingoja, Hadithi moja haikuniondoka. Jabir bin Abdillah amepokea kwamba walitoka safarini, mmoja wao akapigwa na jiwe akapasuka kichwa, kisha akaota akapata janaba. Akawauliza wenzake kama wanamwonea ruhusa ya kutayamamu, wakasema hawamwonei. Akaoga, akafa. Khabari ilipomfikia Mtume alikasirika ghadhabu kubwa, akasema wamemwua, na kwamba dawa ya asiyejua ni kuuliza. Wale hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wakiichunga dini. Walimwua mwenzao kwa kuichunga dini pasipo ilimu, na mimi nilikuwa nimekaribia mlango ule ule, tena mimi nilikuwa na ilimu, ila niliizungumza nusu kwa kuwa nusu ndiyo iliyoitikiwa na watu.

Hii hapa nusu ya pili.

Imran bin Huswain, radhi za Mwenyezi Mungu zimfikie, alikuwa na bawasiri, akamwuliza Mtume juu ya sala. Akaamrishwa asali kwa kusimama. Asipoweza, kwa kuketi. Asipoweza, kwa ubavu. Hii imo katika Bukhari. Na Mtume mwenyewe alipoanguka na farasi akaumia, na katika riwaya ya Jabir ni unyayo wake ulioteguka, alisali nyumbani kwake hali ameketi. Je, paji la nani lilikuwa karibu zaidi na Mola wake? Basi asiyeweza kusujudu ardhini sijida yake ni kuinama kiasi awezacho, sijida ikiwa chini zaidi kuliko rukuu, na sijida hiyo ni kamili, haina upungufu wala deni. Si ruhusa ya kinyonge. Yule yule aliyeiamrisha sijida ya ardhini ndiye aliyeiamrisha hii. Wala hahitaji kuinuliwa mto au ubao mbele ya uso wake aguse.

Lakini kila nguzo ina hukumu yake peke yake, na hili ndilo lililotakiwa nilifafanue mwaka 2022 badala ya kupiga kelele. Kusimama ni nguzo katika sala ya faradhi. Mwenye kuweza kusimama, asiyeweza kusujudu, hasamehewi kusimama kwa ajili ya kushindwa kusujudu: atasimama kwa takbira na kisomo chake, atainama rukuu akiweza, kisha atakaa kitini kwa sijida. Basi wale wanaoketi tangu takbira mpaka salamu hali walikuja msikitini kwa miguu, kisha baada ya salamu wakasimama robo saa nje wakizungumza siasa, hao maneno yangu ya zamani bado yanawahusu. Ama aliyepasuliwa goti, siku za kwanza hana nguvu ya kusimama wima muda mrefu. Huyo akae, na akichoka alale. Zikipita wiki mbili au tatu, akaweza kusimama kwa Alhamdu na Sura fupi akiwa ameshika mkongojo wake, basi asimame kwa kiasi hicho na akae kwa kinachobakia. Kila siku ana hukumu ya siku yake. Daktari ndiye wa kuulizwa nini kinadhuru, na sheikh ndiye wa kuulizwa nini kinawajibika, na sheikh asijifanye daktari.

Na kupiga magoti chini katika wiki hizi hakujuzu kujaribiwa. Jeraha linatakiwa lifunge, na nyuzi hutolewa kiasi cha siku kumi hadi kumi na nne. Hata baadaye, goti hili la kutengenezwa aghlabu hukunjika digrii mia na kumi mpaka mia na ishirini, na kikao chetu cha tahiyatu chataka zaidi ya hapo. Wako wanaorudi kupiga magoti juu ya kitu laini baada ya miezi, kwa idhini ya daktari, na wako wasiorudi mpaka kufa. Nilimweleza mama hayo wazi wazi. Alinyamaza sana siku ile. Kwa mtu aliyesujudu ardhini tangu utoto wake, hilo ni msiba, na mwenye kumwambia "si kitu" hajui anachokisema.

Jambo jingine: udhu. Nimewakuta wagonjwa wa goti watatu hapa mjini wanaotayamamu kwa miezi kwa sababu ya bandeji. Bandeji iko wapi? Iko gotini. Na udhu wa mguu unafika wapi? Unafika kwenye vifundo viwili. Goti si kiungo cha udhu! Atawadhe kwa birika akiwa ameketi, mtu amshikie beseni chini ya miguu, na jeraha halihusiki. Litahusika katika josho la wajibu tu, na hapo mwenye jeraha aoshe mwili mwingine, apanguse juu ya bandeji, na atayamamu kwa ajili ya sehemu isiyofikiwa na maji. Na anayeona tabu kuamshwa kila wakati, Imam An-Nawawi ameipa nguvu kauli ya kwamba mgonjwa ajuziwa kukusanya Adhuhuri na Alasiri, na Magharibi na Isha, ingawa si kauli mashuhuri ya madhehebu yetu.

Na choo. Naona haya kidogo kuliandika, lakini dini yetu haikuona haya. Nyumba nyingi za Bondeni, kama za Mji wa Kale, vyoo vyake ni vya kuchutama, tena uani, na mara nyingi nyumba nzima yashiriki kimoja. Aliyepasuliwa goti hawezi kuchutama. Kabla ya mgonjwa kurudi nyumbani, mwite seremala atengeneze kiti kizito, kirefu kidogo, kilichotobolewa katikati, kiwekwe juu ya tundu, na ukutani kipigwe kipande cha mti cha kushikilia. Nimeona watu wakichanga fedha nyingi kwa ajili ya upasuaji, kisha mgonjwa akazuiliwa asipone kwa kukosa kiti cha mbao.

Wageni nao wana haki ya kuambiwa. Kumzuru mgonjwa ni Sunna, kukaa kwake saa tatu si Sunna. Mmoja alimletea mama mafuta aliyosema ni ya simba. Mwingine alitaka kumleta mchua wa kuukanda mguu. Huyo nilimzuia mlangoni, na afadhali nimwudhi. Baada ya upasuaji huu damu huweza kuganda katika mishipa ya shavu la mguu. Ndiyo maana mgonjwa hupewa dawa ya kuzuia damu isigande, naye asiikatize kabla ya siku alizoambiwa. Ukilikanda shavu lenye bonge la damu, bonge huweza kung'oka likapanda mpaka mapafuni, na mtu akafa akiwa anazungumza nawe. Shavu la mguu likivimba na kuuma kwa ghafla, au kifua kikichoma na pumzi kukata, mgonjwa apelekwe hospitali saa ile ile, usiku au mchana. Na jeraha likitoa usaha, au wekundu ukienea na homa ikapanda, vile vile. Hapana kusomewa kwanza. Asomewe njiani.

Wako walionilaumu kwa kumwachia mama yangu mikononi mwa asiyekuwa Mwislamu. Mtume alipohama Makka, na Makureshi wakimtafuta wamwue, aliyemwongoza njia ni Abdullahi bin Uraiqit, naye alikuwa juu ya dini ya Makureshi. Alimwamini kwa roho yake na roho ya Abubakar, kwa kuwa alikuwa mjuzi wa njia na mwaminifu. Yule binti alikuja mara mbili kwa wiki kwa wiki tano. Alimfundisha mama kwamba akipanda ngazi atangulize mguu mzima, na akishuka atangulize ule mgonjwa. Na kwamba mkongojo mmoja hushikwa kwa mkono wa upande mzima, si wa upande wenye ugonjwa kama tunavyofanya sote. Na kila akija katika wakati wa Alasiri alikuwa akingoja barazani mpaka mama atoe salamu. Labda waliolaumu wangemfundisha haya wao, lau wangalisomesha mabinti zao.

Wiki ya sita mama alisimama rakaa nne za Adhuhuri zote, bila ya kushika kitu ila mkono wa kiti alipokuwa akikaa kwa sijida. Goti lilikuwa limefika digrii mia na tano. Ngozi ya upande wa nje wa kovu imekuwa haina hisia, na daktari alisema huenda ikabaki hivyo.

Jioni ile aliniuliza swali ambalo naona alikuwa nalo tangu mwanzo. Akasema: "Na hiki chuma, mwanangu, nitazikwa nacho? Kitaniharibia tohara yangu?" Nikamweleza khabari ya Arfaja bin As'ad, ambaye pua yake ilikatika katika siku ya Kulab zama za ujahili, akajitengenezea pua ya fedha, ikamnukia vibaya, na Mtume akamwamrisha afanye ya dhahabu, na dhahabu ni haramu kwa wanaume, mama, lakini kwa haja ya mwili iliruhusiwa, naye akasali nayo na akaishi nayo. Ama chuma chako kimo ndani ya nyama, hakikuwa najisi kilipoingia, wala hakioshwi wala hakitolewi maiti anapokoshwa, kwa kuwa kumkata maiti ni kumvunjia heshima.

Akafikiri. Kisha akasema: "Basi na kile cha kushoto tukifanye mwakani," akaniamrisha nimsogezee beseni, wakati wa Magharibi umeingia.